Babu Aliyejenga Kanisa Akakaa Nje

Babu alikuwa akiwaambia wageni kwamba kanisa la kijiji chetu lilijengwa kwa sababu ya chakula cha jioni. Wageni walicheka. Yeye hakucheka, alivuta tu blanketi mabegani na kuwatazama mpaka wanyamaze. Misheni, alisema, ilikuwa ng'ambo ya mto, na mkewe aliondoka kila Jumapili kukiwa bado giza akarudi jua likizama, na mwanaume hawezi kungoja ugali siku nzima kwa ajili ya dini ya mtu mwingine.

"Njaa gani?" Bibi Mdogo alidakia kutoka jikoni kila aliposikia hadithi hiyo. "Mimi sikuwepo? Nani alikuwa anapika?"

Hapo inabidi nieleze, maana katika kijiji chetu, huku milimani upande wa Nambis, hakuna anayehitaji kuelezwa. Babu alikuwa na wake wawili. Wa kwanza tulimwita Bibi Mkubwa, wa pili Bibi Mdogo. Watoto wote wa boma lile, akiwemo baba yangu, walizaliwa na Bibi Mdogo, lakini ukitaka kujua nani alimlea nani utachoka. Mimi mwenyewe nilikuwa na umri wa kwenda shule ndipo nikagundua kwamba wenzangu wana bibi mmoja tu upande wa baba, nikawaonea huruma.

Sababu ya kweli ya kanisa niliipata kwa Bibi Mdogo. Masika moja mto ulijaa wakati Bibi Mkubwa yuko misheni. Alikuwa mtu wa kwanza kijijini kushika dini, na alikuwa mkaidi, kwa hiyo jioni akaingia majini na viatu vyake mkononi. Wachungaji wa ng'ombe walimtoa majini chini kabisa, kwenye kona ya mto, akiwa ameshikilia mzizi. Wakamleta nyumbani mgongoni. Babu hakumgombeza. Alimfunika kwa kila nguo iliyokuwa ndani ya nyumba, zake na za Bibi Mdogo, akakaa pembeni bila kula. Kesho yake akaenda misheni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamwambia padre, Mzungu mzee wa zamani zile, kwamba yeye hajui habari za Mungu na hana haraka ya kuzijua, ila kama Mungu anataka kumwona mkewe kila Jumapili, basi avuke yeye mto. Kiwanja kipo.

Alitoa malisho yake ya juu, yale mazuri, yasiyokauka hata kiangazi kikaze vipi. Ndugu zake walimwona amerogwa. Alitoa pia ng'ombe wake wa kulimia wavute magogo kutoka msituni, na akawaita majirani kazini kama ilivyo desturi yetu, kila mtu na jembe lake, kina mama na chakula. Padre alikuwa amesafiri, na alikuwa amesema tu, "Anzeni kujenga." Wakaanza. Nao walijenga kitu walichokijua.

Nyumba zetu za zamani zilichimbwa ubavuni mwa mlima. Ukuta wa nyuma ulikuwa mlima wenyewe, na juu ya mihimili paa la udongo liliungana na mteremko, majani yakaota, na mtu aliyetoka juu hakuona nyumba mpaka aone moshi. Ilikuwa nyumba ya joto na ya siri, nzuri kwa watu waliowahi kuvamiwa. Kwa hiyo padre aliporudi na kuuliza kanisa liko wapi, alikuwa amesimama juu yake.

Inasemekana alikaa chini akacheka mpaka akatoa machozi. Lakini alilikubali. Akasoma misa ya kwanza mle ndani, watu wamebanana, mishumaa inafuka, na katikati ya mahubiri ng'ombe mmoja aliyekuwa akila majani huko juu akatoboa paa kwa mguu wa mbele. Udongo ukamwagika altareni. Mguu ukabaki unaning'inia, unapiga teke hewani, na kina mama wakapiga kelele wakidhani ni mambo mengine. Babu, ambaye hakuwa ndani, alikwenda juu kumtoa. Alikuwa ng'ombe wake.

"Hata ng'ombe wangu ameingia kabla yangu," alisema. Utani huo ameutumia maisha yake yote, na ukiusikia mara ya kwanza unacheka. Mimi niliacha kucheka nilipokua.

Maana Babu hakuwa ndani siku ile, wala siku nyingine yoyote ya misa. Kabla ya misa ile ya kwanza alikuwa amekwenda kwa padre kuomba kufundishwa. Ile haraka ambayo hakuwa nayo ilikuwa imempata, nadhani kwa kubeba magogo. Padre akamwambia kwa upole kwamba atafundishwa, ila lazima achague mke mmoja. Bibi Mkubwa, kwa kuwa ndiye wa kwanza na hakuwa na kosa, aliweza kubatizwa. Bibi Mdogo hakuweza, mpaka atoke katika ndoa ile.

"Nikimwacha, atakwenda wapi?" Babu aliuliza.

Padre akasema angetunzwa, angepewa shamba, watoto wasingekosa kitu.

"Sijauliza atakula nini," Babu akamjibu. "Nimeuliza atakwenda wapi."

Padre hakujua jambo moja, au alilijua na sheria yake haikumruhusu kulijali. Bibi Mdogo hakuletwa na Babu. Aliletwa na Bibi Mkubwa. Alipoona miaka inapita na yeye hazai, Bibi Mkubwa alivaa nguo yake nzuri akaenda mwenyewe kumposea mumewe, akapita nyumba tatu nne akizikataa, hadi alipomwona msichana mmoja anamkemea dume la mbuzi kwa sauti ya kutosha, akasema huyu hapa nitaishi naye. Walipendana wale wanawake. Waligombana pia, hasa kuhusu chumvi, lakini ukimgusa mmoja umejitafutia vita na wawili.

Basi Babu akarudi nyumbani akasema mambo ya ubatizo yameisha, na Jumapili iliyofuata akamsindikiza mkewe mkubwa mpaka mlangoni, akaketi nje. Hakuna aliyemkataza kuingia na kukaa nyuma. Padre alimwomba, katekista alimwomba. "Nikae humo wakati wa komunyo nitazame watu wakila?" alisema. "Afadhali nikae nje nitazame ng'ombe." Bibi Mdogo akaja akaketi kando yake. Bibi Mkubwa naye, wiki moja, akagoma kuingia, akaketi nao. Babu akamfukuza. "Ingia," alimwambia. "Angalau mmoja wetu asikie vizuri."

Hivyo ndivyo nilivyowakuta mimi. Lile kanisa la kuchimbwa lilikuwa limeshabomoka, na hapo hapo Babu na wenzake walikuwa wamesimamisha la matofali na mabati, lenye madirisha makubwa upande wa kusini. Chini ya dirisha la pili lilikuwepo gogo, na juu ya gogo Babu na Bibi Mdogo. Mvua ikinyesha walibana ukutani chini ya mabati. Huku kwetu baridi haina adabu, na asubuhi nyingine ukungu uliwafunika hata tuliokuwa dirishani tukawasikia wakikohoa bila kuwaona. Jumatatu Babu aliingia kanisani na nyundo kukaza benchi zilizolegea. Jumapili alikaa nje. Mapadre walibadilika, wakazeeka, wakahamishwa. Yeye alibaki pale pale.

Chakula cha mchana cha Jumapili kilikuwa misa ya pili. Bibi Mkubwa aliwarudia mahubiri yote, na kwa kuwa hakupenda mahubiri marefu, alikata palipomchosha na kuongeza palipopwaya. Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, mengine ya wasomi wakubwa, na bado nadhani ya Bibi Mkubwa pale jikoni yalikuwa bora. Akimaliza alimwambia Bibi Mdogo, "Siku moja tutakaa benchi moja." Bibi Mdogo aligeuka kupuliza moto.

Nilikasirika sana nilipofika umri wa kuelewa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nimekuwa mwalimu kule Gitting, Hanang, na wanafunzi wangu watakuthibitishia. Niliwauliza mapadre wawili kwa nyakati tofauti inakuwaje mtu atoe uwanja, magogo na ng'ombe halafu akae kwenye umande. Mmoja alinieleza sheria, akanieleza vizuri. Wa pili alisema tumwombee. Nikamwambia tunachohitaji ni paa la nje. Bibi Mdogo alisikia, akanivuta sikio, mtu mzima mimi, mwalimu, mbele ya kwaya nzima.

Halafu Bibi Mkubwa akafariki. Aliugua kidogo tu, wiki za mwisho wa kiangazi, Bibi Mdogo akimlisha uji na kugombana naye kuhusu chumvi. Tulimzika nyuma ya boma. Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wamekaa, udongo wa kaburi haujakauka, katekista wetu akamsogelea Babu. Ni mtu mwema yule katekista. Alikuwa na furaha ya kweli usoni, furaha ya mtu anayeleta habari aliyoisubiri kwa miaka mingi. Akamshika mkono akamwambia, "Mzee, sasa kizuizi kimeondoka. Sasa unaweza kuingia."

Nilikuwa nimesimama karibu na sinia la vikombe. Nilimwona Babu akiutoa mkono wake polepole.

"Kizuizi," alisema. "Kumbe alikuwa kizuizi."

Jumapili iliyofuata gogo lilikuwa tupu. Babu hakwenda tena hata nje. Alisema hawezi kuingia nyumba ambayo mlango wake umefunguliwa kwa kumfukia mke wake, na kwamba kama alishindwa kuwaacha wakiwa hai hatamwacha mmoja akiwa amekufa. Nilimwelewa. Zaidi ya hapo, nilijivunia. Niliporudi Gitting nilimsimulia kila aliyekaa kusikiliza, nikimsifu Babu kama shujaa, mpaka likizo iliyofuata nikapanda mlima wa Dareda kwenda kumsalimia na nikamkuta Bibi Mdogo.

Alikuwa amekaa mlangoni, kanga mbili, soda aliyoletewa na mgeni mikononi, hajaifungua. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia, ya misa ya kawaida tu. Nikamwamkia, akaitikia, lakini macho yalikuwa kule juu.

"Bibi, wewe unaweza kwenda," nikamwambia. "Hakuna anayekuzuia sasa. Padre mwenyewe amesema."

"Niende peke yangu?" aliuliza. "Nimekaa naye nje tangu nikiwa na meno yote. Niingie nimwache nyumbani?" Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nami ninazeeka, mjukuu wangu. Nilitaka kukaa ndani."

Ushujaa wa Babu ukaniishia pale pale mlangoni. Nilikuwa nimemsahau kabisa yule aliyekuwa akilipa nusu ya gharama yake.

Padre wa sasa ni kijana, ametoka mikoa ya kusini, na baridi yetu anaikabili kwa koti zito ambalo hulivua kwa shida hata altareni. Alifika bomani siku hiyo hiyo alasiri, kama alivyokuwa akifika mara kwa mara tangu msiba. Hakuwahi kumhimiza Babu. Alikuja, akasema shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akanywa maziwa ya mgando, akauliza habari za ng'ombe asiojua chochote juu yao. Babu alimpenda kwa sababu hiyo. Siku ile tulikuwa wanne: Babu, padre, mimi, na Bibi Mdogo aliyekuwa anamimina maziwa.

Sijui nini kilimpata. Labda ile kengele. Aliweka kibuyu chini, akasimama mbele ya mumewe, mke amesimama na mume ameketi, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika boma lile.

"Mzee, unasema unamheshimu marehemu," alisema. "Marehemu nani? Yule aliyenitoa kwetu? Yule aliyekuwa akiniambia kila Jumapili, mbele yako, ukiwa unatafuna, kwamba tutakaa benchi moja? Aliniahidi mimi. Hukuahidiwa wewe. Wewe unakaa hapa unajiona unamtetea, na neno lake moja tu aliloacha unalikanyaga."

Babu alifungua mdomo.

"Sijamaliza," Bibi Mdogo akasema. Padre aliinamisha uso ndani ya kikombe. Mimi nilishikilia ukuta. "Ulikataa kunifukuza, nakushukuru. Nimekushukuru kwa kukaa kwenye mvua na wewe. Sasa basi. Kama hutaki kuingia kwa sababu yake, ingia kwa sababu yangu. Na mimi ni mke wako."

Kisha akachukua kibuyu, akaendelea kumimina bila kutazama, maziwa yakamwagika kwenye kiatu cha padre.

Ng'ombe walikuwa wanarudi, vumbi lao likapita. Babu akawahesabu mpaka wa mwisho, kisha akamgeukia padre. "Nikija, nitasema wake zangu ni wawili. Mbele ya watu wote. Sitasema mmoja."

Padre alifuta kiatu kwanza. Nilimwona anafikiri, na najua alifikiri nini, kwa kuwa kijana kama yule ana wakubwa wake, na wapo watu kijijini wasiolala bila kupeleka habari parokiani. "Mmoja ametangulia, mmoja yupo," akasema. "Ndoa nitakayobariki ni ya huyu aliyepo. Lakini mtu akimtaja marehemu wake kanisani, Mzee, mimi nimkemee kwa sheria gani? Utawataja."

Wakafundishwa wote wawili, na katekista yule yule, ambaye kwanza alimwendea Babu kumwomba radhi huku akilia, na Babu akamwambia aache kulia kwa sababu anaharibu somo. Babu alikuwa mwanafunzi msumbufu. Aliuliza Nuhu aliwalisha nini simba. Bibi Mdogo alikariri kila jibu mara moja, maana alikuwa ameyasikia yote dirishani kwa miaka mingi kuliko umri wa katekista.

Siku yenyewe ya ubatizo na ndoa nilipanda kutoka Gitting na watoto wangu. Kanisa lilijaa hata watu wakasimama nje. Babu alivaa koti alilonunuliwa na baba yangu, linampwaya, na Bibi Mdogo alivaa gauni jeupe na kitambaa kichwani na viatu vipya vilivyombana. Walisimama mbele. Mwenyekiti wa kigango alikuwa na wasiwasi, akijifuta shingo wakati hakuna joto.

Padre akamwomba Babu ajitambulishe kwa waumini. Babu akataja jina lake, la baba yake na la ukoo wake. Halafu akainua sauti kama anayewaita watu walio ng'ambo ya bonde. "Mimi ni mume," alisema, akataja jina la Bibi Mkubwa kwanza, kama alivyofanya siku zote, kisha la Bibi Mdogo. Wake wawili. Nilimtazama Bibi Mdogo nione kama ameumia kutajwa wa pili siku ya harusi yake. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka, kama mtu anayesikia hesabu ikitolewa sawasawa.

"Amina," padre akasema, ingawa haikuwa sala, na waumini wakaitika amina.

Akamuuliza Babu swali la ubatizo, anaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Babu akajibu kama alivyofundishwa, "Imani," kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Kisha padre akamgeukia Bibi Mdogo, yule mwanafunzi bora ambaye hakuwahi kukosea jibu hata moja.

"Na wewe mama, unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?"

Bibi Mdogo akamtazama. Akazitazama benchi ambazo mumewe alizikaza kila Jumatatu.

"Kukaa ndani," alisema.

Mtu akacheka nyuma, akaacha haraka. Katekista akainama akamnong'oneza, nasi tuliokuwa mbele tukasikia, "Imani, mama. Sema imani."

"Na hiyo pia," Bibi akasema.

Nililia kwa sauti bila aibu, mwalimu mimi, mbele ya kwaya nzima. Padre alisimama kidogo na kitabu chake, halafu akakifunga, akamwambia, "Karibu, mama. Kaa," na Bibi Mdogo akaketi kwenye benchi la kwanza kabla hajamwagiwa maji, ikabidi padre amfuate pale pale alipoketi.